Rafu ya Madamu

Duka lenye msongamano huuza vizuri kila kitu kisichohitaji maelezo. Mfuko wa saruji ni kilo 50 kwa tajiri na kwa maskini, msumari wa inchi nne ni ule ule Busia na Mombasa, na bati la geji 30 halibadiliki eti kwa sababu mnunuzi ana haraka. Kitu cha kupimiwa ni habari nyingine. Rafu inayotakiwa kukaa kwenye ukuta mmoja wa nyumba moja haijawahi kuwepo duniani kabla ya siku hiyo. Lazima mmoja aieleze, wa pili aisikie, wa tatu aikate, wa nne aifunge, na wote wanne wawe wanazungumza habari ya rafu ile ile. Hapo ndipo msongamano huharibu kazi.

Kisa cha Madamu kinahusu hilo. Kimeshonwa kutokana na visa vingi vinavyofanana vya watu wa mpakani, kwa hiyo Madamu hatapewa jina jingine, na duka nalo halitatajwa. Ukihisi unalijua, huenda unafikiria jingine kabisa.

Madamu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa mjini Tororo, upande ambao Mwamba wa Tororo unakutazama hata ukiwa unaanika nguo. Sebule yake ina ukuta ulioingia ndani, shubaka pana ambalo aliyeijenga nyumba aliliacha bila kusema ni la nini. Kwa miaka mingi shubaka hilo lilikuwa makao ya katoni: vitabu vya kiada vya zamani, kamusi, vitabu vya nyimbo za kanisani, madaftari ya wanafunzi ambao sasa nao ni walimu. Mchwa walipoanza kuonja katoni za chini, akaamua. Rafu, kuanzia sakafuni hadi juu, ukuta mzima.

Mafundi seremala wapo Tororo, tena wazuri. Lakini Madamu alikuwa na kinyongo nao. Wa mwisho aliyempa kazi alimtengenezea kitanda cha mbao mbichi. Mbao zilipokauka, viungo vikaachana na kitanda kikawa kinalia usiku kucha. Na kabla kitanda chenyewe hakijafika zilikuwapo zile ahadi za "kesho, Madamu", na kesho ya fundi kila mtu anaijua.

Basi binti wa kaka yake, anayekaa Busia upande wa Kenya, mtaa wa Marachi, akamsifia duka moja kubwa la vifaa vya ujenzi. "Shangazi, pale kuna mashine. Unapeleka vipimo, wanakukatia, wanabandika kingo, unabeba mzigo wako. Mambo ya kumfuata fundi hakuna."

Sifa hizo hazikuwa za uongo. Mashine ilikuwepo, na ilikata kwa unyoofu ambao mkono wa binadamu hauufikii. Tena bidhaa zenyewe ndizo zinazotawala soko siku hizi: shiti za MDF na za plaiwudi, futi nane kwa nne. Namna zilivyochukua nafasi ya mbao za mti katika nyumba zetu ni habari ya misitu pia. Februari 2018, mwezi ule ule Marais Yoweri Museveni na Uhuru Kenyatta walipozindua kituo cha pamoja cha mpakani pale Busia, serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii. Marufuku hiyo ilitangazwa kuwa ya siku 90; ikarefushwa, ikarefushwa tena, hadi Julai 2023 Rais William Ruto alipotangaza kuiondoa. Katika miaka hiyo mbao za saipresi na paini zilipanda bei Kenya. Malori yakawa yanavusha mbao za Uganda, na mkangazi wa mashariki ya Kongo, kupitia Busia na Malaba. Mwenye kutaka kabati la bei nafuu akaelekezwa kwenye shiti, hasa ya MDF, ambayo ni nyuzi za mti zilizosagwa na kugandamizwa kwa gundi. Shiti haina fundo, haijipindi ovyo, na huja ikiwa na sura yake tayari. Ina udhaifu wake pia, lakini udhaifu huo huelezwa na mtu mwenye nafasi ya kukaa chini na wewe.

Madamu alipima kwa utepe wa kushonea nguo. Aliinama pale katoni zilipokuwa, karibu na sakafu, akapata upana wa inchi 74. Kimo akakiweka inchi 84, kina inchi 12. Akaandika kwenye ukurasa wa daftari: 74 x 84 x 12. Hakuandika kwamba ni inchi, kwa kuwa yeye mwenyewe alijua. Hakupima upana wa juu, kwa kuwa ukuta ni ukuta. Laiti ingekuwa hivyo. Nyumba zetu nyingi za matofali hupigwa lipu kwa jicho la fundi na ubao mmoja mrefu wa kusawazishia, na lipu hunenepa hapa ikakonda pale. Shubaka la Madamu lilikuwa na sentimita 188 chini na 184 juu. Sentimita nne katika ukuta mpana hivyo huzioni kwa macho, hata uketi mbele yake miaka kumi.

Akafika dukani Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi. Kama kungekuwa na siku mbaya zaidi, sijui ni ipi.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi kaunta ya duka kama lile haina foleni, ina viwiko. Mmoja anataka saruji mifuko kumi na mwenye pikipiki yake hajazima injini. Mkandarasi hasemi kitu, anaonyesha picha kwenye simu. Mama aliyevuka kutoka Sofia, upande wa Uganda, anabishania chenji: amelipa kwa shilingi za Uganda, ya Kenya moja inauzwa kwa karibu 28, na karani amepiga hesabu kwa bei ya jana. Yupo aliyekuja kurudisha kitasa, ambaye kila mtu anamchukia. Barabarani lori linapiga honi lipishwe. Ndani, nyuma ya wavu, msumeno wa mashine unalia kiasi kwamba kila neno linasemwa mara mbili. Na karani ni kijana mmoja tu, simu ameibana kati ya sikio na bega, kalamu iko mkononi, macho yako kwa mtu wa tatu.

"Madamu, nikupe nini?"

"Rafu, mwanangu. Ya ukuta mzima. Sasa huo ukuta wenyewe umeingia ndani, halafu—"

"Vipimo uko navyo?"

Akampa karatasi.

"Rangi?"

"Zipo zipi?"

"Nyeupe, mahogani, wenge."

"Hiyo ya mahogani."

"Vyumba vingapi kwenda juu?"

"Vitano."

"Sawa. Mbele!"

Yakaishia hapo. Hakuulizwa rafu itabeba nini. Hakuulizwa kama upana alioandika ni wa nafasi ya ukutani au wa ubao wenyewe, wala nani aliyepima, wala kwa kifaa gani. Karatasi ya kuagizia ya duka ilikuwa na nafasi ya jina, simu, vipimo, rangi na pesa, na kijana aliijaza yote kwa uaminifu. Mtu hawezi kumlaumu kwa kuacha mstari ambao mwajiri wake hakuuweka.

Madamu naye alikuwa na mengi ya kusema. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini wahenga hawakuwahi kusimama kwenye kaunta ile. Mwanamke aliyewafundisha watoto kwa miongo kuinua mkono wakiwa hawajaelewa, aliona haya kuwachelewesha wenye saruji. Haya hiyo ndiyo ghali kuliko shiti. Wenye maduka makubwa hawaiuzi, lakini wote wananufaika nayo.

Karani alikisia kwamba namba zile ni inchi, na hapo alikisia vizuri. Duka linakata kwa sentimita, kwa hiyo akazibadilisha kichwani kwa kuzidisha na mbili na nusu. Inchi moja ni sentimita 2.54. Kwenye msumari tofauti hiyo haimdhuru mtu. Kwenye inchi 74 inameza sentimita tatu. Sentimita 188 zikawa 185, kimo kikawa 210, kina kikawa 30.

Halafu pesa. "Lipa yote, Madamu, ndiyo iingie mashineni upesi. Till inasumbua leo, tuma kwa hii namba." Namba ilikuwa ya mtu, si ya duka. Binti wa kaka akatuma. Wakapewa kikaratasi chenye kiasi na sahihi isiyosomeka, wakaambiwa warudi Alhamisi.

Alhamisi stima zilikuwa zimepotea. Wiki iliyofuata mwenye mashine alikuwa amekwenda matanga. Kisha mbao zikawa zimekatwa lakini hazijabandikwa kingo, kwa sababu utepe wa rangi ya mahogani ulikuwa umeisha na mzigo mwingine uko njiani kutoka Nairobi. Kila mara Madamu anapanda taksi Tororo, kilomita thelathini na kitu, anavuka mpaka kwa miguu, anasimama kwenye viwiko, anaambiwa neno moja, anarudi. Si kwamba walimdanganya. Mtu anayenunua saruji mifuko kumi analipa na kuondoka kwa dakika tano. Rafu ya Madamu ni shiti mbili tu, na inashika msumeno, gundi na kijana mmoja kwa nusu ya asubuhi. Duka linaloishi kwa wingi wa wateja litaiweka kazi ya namna hiyo mwisho kila siku, bila mtu yeyote kuwa amekusudia ubaya. Kwa mtu aliyekwisha kulipa yote, hata sababu ya kuharakisha haipo.

Siku mbao zilipokuwa tayari, zikafungwa kamba: vipande vinane, zaidi ya kilo 60. Kwenye kituo cha mpakani ofisa wa forodha akauliza swali la haki kabisa: risiti iko wapi, na mbao hizi zimetengenezwa wapi?

Watu wengi wanaamini kwamba tangu Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki uanze kazi mwaka 2005, mtu anavusha chochote. Sivyo. Kinachosamehewa ushuru wa forodha ni bidhaa iliyotengenezwa ndani ya jumuiya, na asili yake lazima ionyeshwe. Kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani upo utaratibu rahisi, ambapo cheti cha asili kilichorahisishwa hutolewa pale pale mpakani. Lakini cheti hakitokani na hewa. Shiti iliyotoka kiwandani Eldoret ina hadhi yake, na iliyoshuka melini Mombasa kutoka ng'ambo ina hadhi nyingine. Zikiwa zimepakwa rangi moja, hata fundi hazitofautishi. Na cheti hicho hakiondoi kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Uganda ni asilimia 18. Kikaratasi cha Madamu hakikusema kitu juu ya lolote kati ya hayo.

Vijana hawakosekani hapo. Wenye baiskeli, ambao wazee wao ndio walioanzisha bodaboda kwenye mpaka huu huu, na wenye pikipiki zao za leo, wanajua vichochoro vyote. "Mama, hizo zinapita nyuma, dakika kumi uko Uganda." Madamu alikataa. Uamuzi huo ulimgharimu siku nzima, kwa maana ilibidi arudi kwenye kaunta kudai risiti halisi yenye jina la duka, aina ya bidhaa na mahali ilikotoka. Namsifu kwa hilo. Mzigo uliopita uchochoroni hauna mahali pa kulalamikiwa kesho ukionekana mbovu.

Nao ulikuwa na kasoro. Mtoto wa jirani alizifunga mbao kwa skrubu sebuleni, akazisimamisha, wakaisukuma rafu kuelekea ukutani. Haikuingia. Wakajaribu kuinamisha, wakajaribu upande wa kulia kwanza, wakakwangua lipu. Rafu ilibaki imesimama mbele ya shubaka kama mgeni aliyefungiwa mlango.

Hesabu yake ni hii, na ndiyo inayowaponza wengi. Madamu aliandika upana wa nafasi ukutani. Karani akauandika kama "upana". Mwenye msumeno akausoma kama urefu wa kila ubao wa kulala. Akakata mbao sita za sentimita 185 sawasawa, bila kosa hata la milimita. Lakini rafu ina mbao mbili za kusimama pembeni, kila moja ina unene wa milimita 18, na mbao za kulala zinakaa katikati yao. Ongeza sentimita 3.6, upana wa nje unakuwa 188.6. Nafasi ilikuwa 188 chini na 184 juu. Kinachochekesha ni kwamba kosa la karani la mbili na nusu lilikuwa limepunguza madhara. Angepiga hesabu kwa usahihi, rafu ingekuwa na karibu sentimita 192. Watu watatu, kila mmoja alifanya sehemu yake, na hakuna aliyechora hata mistari minne kwenye karatasi ili wote waangalie kitu kimoja.

Wakati binti wa kaka akilipigia duka simu zisizopokelewa, Madamu akaona si vibaya kupanga vitabu vyake humo humo, rafu ikiwa imesimama mbele ya shubaka. Hapo udhaifu wa pili ukajitokeza. Ubao wa kati, uliobeba kamusi na vitabu vya jalada gumu, ukaanza kulegea katikati. Baada ya wiki chache ulikuwa umeshuka karibu upana wa kiganja, na skrubu za mwishoni zikawa zinang'oka, kwa kuwa kingo za MDF hazishiki skrubu kama zinavyoshika mbao za mti.

Mita moja ya vitabu vya kawaida ina uzito wa karibu kilo 30. Ubao wa milimita 18 unaweza kuubeba uzito huo ukiwa mfupi. Ukirefushwa, mambo hayaendi kwa kiasi kile kile cha urefu. Ubao uliopangwa vitabu kutoka mwanzo hadi mwisho, ukiuongeza urefu mara mbili bila nguzo, unalegea mara 16. Ukiuongeza unene mara mbili, kulegea kunapungua hadi sehemu moja ya nane. Na MDF ina tabia ya kuendelea kushuka kadiri miezi inavyopita, hata kama hukuongeza kitabu. Ndiyo maana kampuni ya IKEA ya Uswidi, iliyouza mamilioni ya rafu yake ya vitabu iitwayo BILLY tangu mwaka 1979, haiitengenezi kwa upana unaozidi sentimita 80. Mteja mwenye ukuta mpana hupanga mbili au tatu ubavu kwa ubavu. Kiwanda chenye wahandisi na maabara kinaogopa kuvuka sentimita 80, na Busia tukakata 185 kwa sababu ndivyo karatasi ilivyosema.

Linaloniuma zaidi katika kisa hiki, hata hivyo, ni mabaki.

Shiti ya futi nane kwa nne ni sentimita 244 kwa 122. Ukiikata vipande vya upana wa sentimita 30 unapata vinne, na sentimita zinazobaki zinaliwa na meno ya msumeno, milimita tatu hivi kila mkato. (Ungetaka inchi 12 kamili, yaani sentimita 30.5, ungepata vitatu tu, kwa kuwa vinne vinamaliza shiti yote bila kumwachia msumeno hata unyoya. Hapo tena kuzidisha kwa mbili na nusu kulimwokolea Madamu bei ya shiti nyingine.) Shiti mbili, vipande vinane: viwili vya kusimama, sita vya kulala. Kila kipande cha kulala kilikatwa 185 kutoka 244, kikaacha kibao cha sentimita 59. Vibao sita vya sentimita 59 kwa 30.

Sasa gawanya kimo cha sentimita 210 kwa vyumba vitano, uondoe unene wa mbao sita za kulala. Kila chumba kina kimo cha sentimita 39 na ushei. Ili rafu isilegee ilihitaji kizuizi kimoja cha kusimama katikati ya kila chumba: vibao vitano vya sentimita 39.8 kwa 30. Vilikuwepo. Vilikuwa vimelipiwa, kwa kuwa Madamu alilipia shiti mbili nzima. Vilibaki chini ya mashine siku rafu ilipofungwa kamba, na binti wa kaka alipokwenda kuvidai akaambiwa vimeshachukuliwa na mtu anayetengeneza viti vya watoto. Dakika tatu za mazungumzo na mtu anayejua mbao zingevirudisha ndani ya rafu bila senti ya ziada.

Duka lilipopatikana kwenye simu lilijibu kwa upole: "Vipimo ni vyako, Madamu." Na ukutani, juu ya kaunta, kama katika maduka mengi ya Kenya na Uganda, lilikuwepo tangazo kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Tangazo hilo si sheria. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na ya fidia akipata hasara kutokana na kasoro; ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012. Uganda ina sheria yake ya uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma ya mwaka 2017. Nchi zote mbili zina utaratibu wa madai madogo: Uganda hadi shilingi milioni 10 mbele ya hakimu bila mawakili, Kenya hadi shilingi milioni moja chini ya sheria ya 2016. Lakini sheria ya mauziano, ambayo pande zote mbili za mpaka zimeirithi kutoka kwa Mwingereza, ina sharti moja ambalo wanunuzi hulipita. Bidhaa inapaswa kufaa kwa kazi fulani endapo mnunuzi alimjulisha muuzaji kazi hiyo na akategemea ujuzi wake. Madamu alisema "rafu". Hakusema "rafu ya vitabu". Mbali na risiti aliyoirudia, ushahidi wake ulikuwa karatasi yenye namba tatu zisizo na kizio, kikaratasi cha kwanza chenye sahihi isiyosomeka, na malipo yaliyokwenda kwenye simu ya mtu binafsi. Na kesi ya madai madogo ya Tororo haiwezi kumvuta mwenye duka wa upande wa pili kirahisi. Angelazimika kudai Kenya, kwa nauli yake. Kuirudisha rafu yenyewe dukani kulimaanisha kupita tena forodha, kwa maelezo mapya. Unafuu wote wa bei ulikuwa umeshaishia njiani.

Mwishowe alimwita fundi seremala wa mtaani, tena yule yule wa kitanda. Alikuja na siku mbili za kuchelewa, kama kawaida yake. Lakini alipofika alikaa chini. Alipima upana juu, katikati na chini. Aliuliza, "Mama, unataka kuweka nini?" Akanyanyua kamusi moja kwa mkono, akaipima uzito, akatikisa kichwa. Alifungua skrubu zote, akapunguza kila ubao wa kulala hadi sentimita 179, rafu ikawa na upana wa 182.6 na ikaingia ukutani. Pengo la pembeni akaliziba kwa vipande vyembamba vilivyochongwa kufuata lipu. Vizuizi vya katikati akavitengeneza kwa ubao wa paini wa inchi 12 kwa moja, na safari hii Madamu aliugusa kwanza kuona kama umekauka. Mbao zilizolegea akazigeuza juu chini. Zinashikilia.

Simtetei fundi wa mtaani kupita kiasi. Kitanda bado kinalia. Fundi wa mtaani hukosea kwenye mbao mbichi na kwenye tarehe, na makosa hayo ni halisi na yanaumiza. Ila akija nyumbani anaona ukuta, anaona vitabu, na ulimi wake haujafungwa na watu ishirini walio nyuma ya mteja. Na mashine nayo ina nafasi yake: waliokwisha kujifunza, pale Tororo na Busia zote mbili, humlipa fundi kwanza aje apime na kuchora, kisha mchoro wake ndio unaopelekwa dukani kukatwa. Gharama ya fundi kupima ni ndogo kuliko nauli za Madamu za wiki moja.

Madamu aliniambia nikiandika, niwaeleze watu waende katikati ya wiki, asubuhi mapema, kabla malori hayajaanza kushusha. Waandike "mm" au "inchi" mbele ya kila namba. Waandike "nje" au "ndani". Waache nusu ya malipo mpaka mbao zihesabiwe. Walipe kwa namba ya duka. Na wadai vibao vyao. Nami naongeza moja. Karatasi ya kuagizia ya duka lile bado haina mstari unaouliza rafu itabeba nini. Ukipewa, uchore mwenyewe, ujaze, na umpe karani aweke sahihi chini yake, hata kama walio nyuma yako wananung'unika.